Tabora hadi Dar, Bila Kutua Dodoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli na fimbo. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaka yangu, nimeipiga pasi mpaka mstari unakata, nikijua nakwenda kukaa ofisini. Mkuu wa Kiwanja, ambaye ndiye alikuwa bosi wa uwanja wote wa ndege wa Tabora, akanitoa nje akanionyesha njia ya kurukia. Siku zile ilikuwa ya changarawe, nyekundu, na katikati yake mbuzi walikuwa wamelala wanacheua.

"Unawaona wale?" akaniuliza.

"Nawaona, mzee."

"Ndege ikishuka isiwakute."

Mimi hasira zangu zilikuwa karibu. Nikamwambia, "Mzee, mimi najua hesabu."

"Vizuri sana. Wahesabu hao mbuzi ukishawatoa, uniletee jibu."

Walinicheka ofisi nzima. Nikapanda baiskeli huku nasonya, nikawafukuza mbuzi mpaka karibu na reli. Niliporudi nikamwambia walikuwa kumi na tisa na mmoja ana mimba. Akanitazama, akasema, "Huyu atafaa." Tangu siku hiyo mtu akimsema vibaya Mkuu wa Kiwanja mbele yangu, tulikuwa hatuelewani, awe mkubwa awe mdogo.

Ninyi vijana mnaosoma haya mnajua uwanja wenye lami na mashine ya kukagua mizigo. Sisi tulikuwa na jengo moja la bati, chumba cha redio, mizani, na ile soksi ya upepo juu ya mlingoti, mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio la Arusha. Kila mtu alikuwa Ndugu, hata yule ambaye jana ulikuwa unamwita Bwana Mkubwa. Watu walikuwa wanahamia vijiji vipya huko Usinge na kwingine, wataalamu wanakuja na kuondoka, na ndege yetu ya abiria, Dakota, ilitoka Kigoma, ikatua Tabora, ikaendelea Dar es Salaam.

Shule niliishia darasa la nne. Mengine yote nilijifunza ukutani. Kwenye chumba cha redio kulikuwa na ramani kubwa ya njia za anga, na Bwana wa Redio, mtu mpole wa Urambo, aliniachia rula yake kila alipokwenda kunywa chai. Nilipima Tabora hadi Dar mpaka karatasi ikaanza kuchakaa. Treni inazunguka, inafuata vilima na stesheni zake, Itigi, Dodoma, Morogoro. Ndege inakata moja kwa moja. Kwa mstari ulionyooka ni karibu maili mia nne za anga, na maili ya anga ni ndefu kuliko ile ya barabarani. Mababu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani walitumia miezi kwenye njia hiyohiyo.

Siku moja Mkuu akanikuta na rula.

"Unapima nini?"

"Dar, mzee. Najua ni mbali kiasi gani."

"Ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti cha Bwana wa Redio.

"Hapo umejibu swali rahisi, Maganga. Umbali haubadiliki, hata mtoto akiwa na rula ataupata. Abiria haulizi umbali. Anauliza atafika saa ngapi. Sasa niambie."

Nikagawa kwa mwendo wa Dakota. Inakwenda kama noti mia na arobaini, na noti ni maili moja ya anga kwa saa moja. Nikapata saa tatu kasoro. Akatikisa kichwa.

"Na upepo?"

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kwetu upepo mwingi unatoka mashariki. Ukienda Dar unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Kwa hiyo kwenda ni saa tatu na ushee, kurudi ni saa mbili na nusu. Njia ile ile. Halafu akaniuliza joto, akaniuliza uzito, na kila alichouliza kilibadilisha jibu. Nikakasirika nikamwambia kwamba kwa mtindo huo hakuna jibu. Akasema, "Lipo. Ila lazima ulitafute upya kila siku."

Karani wa mizani alipohamishiwa Mwanza, nikapewa nafasi yake. Kazi ya karani wa mizani ni kupima kila kitu kinachoingia kwenye ndege, watu pamoja na mizigo, kisha kujaza karatasi ya uzito ambayo rubani huisaini kabla ya kuondoka. Bila karatasi hiyo propela haizunguki. Kuwapima watu wa Tabora ilikuwa vita. Kuna mama mmoja wa sokoni aligoma kupanda mizani.

"Unataka kunipima kama robota la pamba?"

"Mama, kila mtu anapimwa."

"Basi anza wewe, na usome kwa sauti."

Nikapanda, nikasoma kwa sauti. Akasema, "Ndiyo maana huna mke," akapanda. Kazi yangu ilikuwa hivyo kila siku, na mimi sikuwa mtu wa kunyamaza, kwa hiyo uwanja ulikuwa na kelele hata ndege ikiwa haijafika.

Sasa niwaeleze siku ya Mama Idrisa, maana ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko zote.

Mama Idrisa alikuwa mjane wa mtaa wa Isevya, anauza vitumbua asubuhi na mihogo jioni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Idrisa, aliyekuwa chuoni Dar. Mwaka huo baba yake Idrisa alifariki, na kijana alikuwa katikati ya mitihani. Taarifa ilimfikia mzazi amekwisha zikwa, na nauli ya kuja na kurudi hakuwa nayo. Kwa hiyo mama na mtoto walikuwa hawajaonana tangu msiba. Halafu Idrisa akapata nafasi ya serikali kwenda ng'ambo kusomea uhandisi wa maji, miaka mitano. Walikubaliana angepita nyumbani kwanza. Mara simu ya maandishi ikaja: safari imewahishwa, anaondoka keshokutwa jioni.

Treni ya siku hiyo ilikuwa imekwisha ondoka. Ya kesho yake ingemfikisha Dar mtoto akiwa juu ya nchi za watu. Ilibaki ndege. Isevya wakachangishana usiku uleule, msikitini na baada ya msikitini, na jirani zao Wamoraviani nao wakaleta chao. Asubuhi ya safari Mama Idrisa akaja uwanjani na tiketi mkononi, ameivuta kanga mpaka kwenye nyusi, haongei na mtu.

Hakuja peke yake. Kwetu msafiri anasindikizwa. Walikuja wazee, akina mama, watoto, na balozi wa nyumba kumi akiwa mbele na koti lake la kahawia. Na kila nyumba ilileta mzigo wa salamu kwa Idrisa. Tabora ni asali, kila mtu anajua, basi yalikuja madebe ya asali, magaloni ya asali, chupa za asali. Zikaja karanga, ukaja mchele, vikaja vikapu vya michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Mmoja alileta kinu. Nikamuuliza mwenye kinu kijana anakwenda kutwanga nini Ulaya, akanijibu, "Wewe umefika Ulaya? Unajua wanatwangia nini?"

Wale watu walikuwa wamezoea kusindikiza stesheni. Treni inabeba. Unapitishia dirishani mpaka mwisho, na behewa halilalamiki.

Hata hivyo, kama Dakota ingefika asubuhi kwa wakati wake, yote yangekwenda. Mizigo ilizidi kidogo, lakini kulikuwa na viti vitupu. Tatizo lilianzia Kigoma. Bwana wa Redio akatoka chumbani kwake akasema Dakota imepasuka gurudumu kule, wanalibadilisha. Tukasubiri. Jua likapanda. Mama Idrisa alikaa kwenye benchi la saruji, kila baada ya muda ananiita.

"Mwanangu, ndege ya Idrisa inaondoka saa kumi na moja na nusu. Nitamkuta?"

"Utamkuta, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilimjibu hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu. Dakota ikiondoka hata saa saba mchana, kwa saa tatu na ushee anafika Dar saa kumi na dakika chache. Uwanja ni uleule, anavuka tu jengo.

Dakota ilitua saa sita na kitu. Rubani akashuka, akatazama kipimajoto kwenye kivuli cha jengo, akatazama mlima wa mizigo wa Isevya, akatazama karatasi yangu. Akamwita Mkuu wa Kiwanja pembeni, nami nikasogea kwa sababu karatasi ni yangu.

"Asubuhi ningebeba vyote hivi," rubani akasema. "Sasa siwezi. Joto hili, na uwanja wenu uko juu. Ama naacha mizigo, ama napunguza mafuta nitue Dodoma kuongeza."

Niwaeleze ninyi ambao hamkupita humo. Hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushikilia. Na Tabora iko juu sana kuliko usawa wa bahari, hewa yenyewe ni chache. Kwa hiyo ndege iliyoruka vizuri saa mbili asubuhi na mzigo uleule, saa saba mchana inaweza kumaliza changarawe yote bila kunyanyuka. Kupunguza mafuta lilikuwa jambo la kawaida. Abiria wamelipa, mizigo imepokelewa, unatua Dodoma, mambo yanaendelea. Lakini Dodoma siku hizo mafuta yalipampiwa kwa mkono kutoka kwenye mapipa. Kushuka, kupampu, kuruka tena, si chini ya saa moja na nusu. Nikapiga hesabu kichwani. Mama angefika Dar mtoto wake akiwa amekwisha ruka.

"Mizigo iachwe," nikasema.

Rubani akanitazama. "Ni mizigo ya abiria. Wenyewe wakikubali, sawa. Nina robo saa. Kila tukikaa, joto linaongezeka."

Sikusubiri Mkuu aseme. Nikaenda mbele ya umati wa Isevya, nikapandisha sauti.

"Sikilizeni. Mizigo hii haiendi. Kila mtu achukue chake arudi nacho nyumbani. Haraka."

Balozi akavua kofia, akaivaa tena.

"Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

"Mtoto wa Maganga wa mtaa wa Ng'ambo."

"Basi nenda kamwambie mzee Maganga kwamba Isevya tumerudishiwa salamu. Na mwanawe ndiye aliyeturudishia."

"Balozi, sikiliza, ni uzito, ndege..."

"Mimi nimemzika baba yake Idrisa. Nimeshika jeneza. Leo namtumia mwanawe asali, wewe unaniambia nirudi nayo? Mkeo akimpelekea mtu chakula kikarudi, unalala?"

"Sina mke."

"Haishangazi."

Mwanamke mmoja akalishika debe lake akalisogeza mbele zaidi, karibu na ndege. Wengine wakafanya hivyohivyo. Niliwaeleza joto, nikawaeleza mabawa, nikawaeleza Dodoma, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuganda. Hawakuwa wajinga, msifikiri hivyo. Walielewa. Ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuirudisha salamu yake nyumbani mbele ya jirani zake, na huyo anayewaambia warudi nayo ni kijana wao wenyewe, asiye na adabu. Mama Idrisa akasimama kutoka kwenye benchi. Angemwambia nani aache chake, watu walewale waliomlipia tiketi? Akakaa tena, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Nikahisi mkono begani. Mkuu wa Kiwanja akanisogeza kama unavyosogeza kiti.

Sijawaambia kwamba Mkuu alikuwa Mzaramo. Kwao ni pwani kule nyuma ya Dar, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani. Utani wenyewe ni wa tangu misafara: babu zetu wakishuka na mizigo walipita kwao, wakalala kwao. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani atakuja kulala kwenye jeneza akidai alipwe. Kwenye harusi yako atachukua kuku wako mbele ya macho yako, na wewe utacheka. Na alichokiteka mtani hakirudishwi, na aliyetekwa hajadharauliwa.

Akatembea taratibu mbele ya ile mizigo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride.

"Mizigo hii ni ya nani?"

"Ya Isevya," balozi akajibu, bado amekasirika.

"Isevya ni kabila gani?"

"Sisi Wanyamwezi. Kwani hujui uko wapi?"

"Najua. Nilitaka uitaje mwenyewe." Akainama, akanyanyua debe la kwanza. "Basi hii ni yangu. Nimeiteka."

"Weka chini," balozi akasema, lakini sauti ilikuwa imebadilika.

"Siweki. Babu zenu walipita Uzaramo na pembe za ndovu za watu vichwani, wakala mihogo yetu shamba zima, alfajiri wakaondoka bila hata kuaga. Babu yangu anakufa aliniambia, mjukuu wangu, omba kazi Tabora, ukakusanye. Mlifikiri serikali ndiyo iliyonileta huku?"

Bibi mmoja mzee kabisa, aliyekuwa amekaa juu ya mkungu wa ndizi, akasema, "Mihogo yenyewe ilikuwa michungu."

"Lakini mlikula, bibi."

"Tulikula msije mkaona aibu."

Hapo watu wakaanza kucheka. Mkuu akampelekea yule bibi mkono. "Shikamoo, bibi. Nyanyuka, hizo ndizi nimeziteka pia."

"Marahaba. Mwizi wewe. Mzaramo gani anajua kubeba mzigo? Utavunjika kiuno."

"Ndiyo maana nimemwajiri Mnyamwezi. Maganga, beba."

Nikabeba. Nilibeba mbio. Debe baada ya debe kwenda stoo ya uwanja, na kila nililobeba Mkuu alisema ameliteka, na mwenye debe alipiga kelele ya wizi, akampiga Mkuu kwa kanga mgongoni, akacheka. Mwenye kinu alikishika kwa mikono miwili. "Kinu hapana." Mkuu akamwambia, "Kinu ndicho hasa. Kile kilichotwanga mihogo yetu." Akakiachia. Balozi alitoa chake mwisho, galoni mbili, akamkabidhi mkononi kwa mkono wa kulia.

"Mtani," akamwambia, "umetuweza."

"Sijawaweza. Galoni moja ndogo nawaachia, mama aende nayo. Si huruma, nimeshiba tu."

Ikabaki galoni moja kwenye mizani, na furushi la nguo za Mama Idrisa. Nikapima. Nikajumlisha na abiria wengine. Bado tulizidi kidogo. Nikatazama foleni nikaona magunia mawili ambayo si ya Isevya. Yalikuwa ya Afisa Kilimo mmoja aliyetoka Usinge.

"Ndugu, humu ndani kuna nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kupimwa maabara. Ni wa mradi wa kijiji."

Mimi damu ikapanda palepale. "Ndugu, mama wa watu amkose mwanawe kwa sababu ya udongo? Dar hakuna udongo?"

"Usiniseme vibaya, ndugu karani. Wanakijiji wale wanasubiri jibu wajue wapande nini. Nimewaahidi."

Nikarudi nyuma hatua moja, kwa sababu na yeye alikuwa na watu wanaomsubiri. Mkuu akauliza, "Ukifika kwa treni keshokutwa, udongo utaoza?"

Afisa akafikiria. "Udongo hauozi."

"Basi nitausindikiza stesheni mwenyewe leo jioni, na jina lako juu."

Yule bwana akamtazama Mama Idrisa kwenye benchi. Akanyanyua gunia moja mwenyewe, akalipeleka stoo. Nikalichukua la pili. Abiria wengine nao, bila kuambiwa, wakaanza kufungua mabegi. Mwalimu mmoja akatoa vitabu vyake akampa mdogo wake aliyemsindikiza. Nikajaza karatasi upya, Mkuu akaikagua, rubani akaitazama, akatoa kalamu.

"Mafuta ya kufika Dar," akasema. "Moja kwa moja."

Walipokuwa wanapanda, Mama Idrisa alisimama kwenye ngazi akageuka. Nilidhani atawapungia Isevya. Akaniita mimi.

"Nitamkuta?"

Safari hii sikujibu haraka. Nilitazama soksi ya upepo. Ilikuwa imejaa, imenyooka, upepo wa mashariki. Nikamwambia ukweli: "Sijui, mama. Ukifika, usisubiri mzigo. Nenda moja kwa moja, uliza wanaokwenda ng'ambo wanapitia wapi."

Dakota ilitumia karibu njia yote. Magurudumu yaliachana na changarawe mwishoni kabisa, na nilipogeuka nikamwona Mkuu amekunja ngumi mfukoni. Isevya hawakuondoka. Walikaa pale wakila ndizi ambazo Mkuu aliwagawia, akiziita ndizi zake, nao wakimshukuru kwa matusi.

Mchana ulikuwa mrefu. Nilikwenda chumba cha redio mara nyingi mpaka Bwana wa Redio akanifungia mlango. Dakota ilipita Dodoma angani, ikatoa taarifa kwamba upepo ni mkali kuliko ilivyotegemewa. Mkuu alikaa na rula akanionyesha tulikopoteza muda. Saa kumi na nusu ikapita. Halafu Bwana wa Redio akafungua mlango akasema Dar wanasema imetua.

"Na mama?" nikauliza.

"Redio haiulizi mama."

Mkuu akasema, "Leo itauliza." Akakaa kwenye kiti, akashika kipaza sauti mwenyewe. Wenzetu wa Dar wakajibu kwamba abiria wameshuka wote, wa kwanza kushuka alikuwa mwanamke mwenye kanga, amekwenda mbio, na hawana habari zaidi. Hatukujua zaidi ya hapo. Balozi aliwaongoza watu wake kurudi Isevya kwa miguu, na usiku ule nadhani hakuna aliyelala vizuri huko, mimi wa kwanza.

Mama Idrisa alirudi kwa treni baada ya siku chache. Alitoka stesheni akaja uwanjani kabla ya kwenda kwake, furushi kichwani. Mkuu akatoka nje kumpokea. Nikasimama nyuma yake.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta kwenye mlango. Alikuwa ameshika karatasi zake, amepanga mstari. Askari alitaka kunizuia, nikamwambia ninatoka Tabora, tumewaacha watu na asali yao nyuma. Akanipisha."

"Mlikaa muda gani?"

"Muda wa kunywa kikombe cha chai. Haikuwepo chai, lakini muda ulikuwa huo."

Akashusha furushi. Alisema njia nzima angani alikuwa anapanga jinsi ya kumweleza Idrisa baba yake alivyokwenda, nani alikuwepo, alisema nini mwisho. Alipomwona yote yakapotea.

"Nikamshika kichwa. Nikamwambia, ukifika, ule."

"Basi?" nikamuuliza. Nilishindwa kujizuia. "Mama, tumepigana na Isevya nzima, tumeacha udongo wa serikali, kwa ajili ya neno hilo moja?"

"Ulitaka nimpe hotuba?" akanijibu. "Alikuwa amekonda. Akasema, mama nitakula, halafu akalia, nami nikalia, akaenda. Ya baba yake nitamwandikia polepole."

Mkuu wa Kiwanja alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Mama Idrisa akanikaribisha kwake siku ya Ijumaa, nikaenda, na nyumba ile nimeijua mpaka leo.

Mkuu alihamishwa mwaka uliofuata. Mimi nilipelekwa Mwanza, halafu Dodoma, halafu Dar kwenyewe, kila mahali kwenye uzito na muda. Niliona Dakota zikiondoka na Fokker zikija, zinazokwenda Dar kwa karibu nusu ya muda ule. Nikaona changarawe ikawekwa lami. Nikamaliza kazi hapahapa Tabora. Sitawadanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Mapipa ya Dodoma siyatamani hata kidogo. Leo mashine inakupa muda wa kufika kabla hujamaliza kuuliza, imeshajua na upepo, na mimi nafurahi, maana ingekuwepo enzi zangu ubongo wangu ungekuwa umepumzika mapema.

Lakini kuna kitu ambacho mashine haikipimi, nacho nilikipima mwenyewe tangu siku ile. Kabla ya kufunga karatasi ya uzito nilikuwa natoka nje, napita kwenye foleni, nawauliza watu nani anawasubiri mwisho wa safari. Wengi walijibu vizuri. Wengine waliniambia hainihusu, na tukagombana kidogo, mimi sikubadilika sana upande huo. Kama kulikuwa na mgonjwa, au maiti inayosubiri kuzikwa, au mtu anayekimbilia mlango wa ndege nyingine, nilijua kabla rubani hajachagua la kufanya.

Siku yangu ya mwisho kazini nilipita hivyohivyo kwenye foleni. Mwishoni alisimama mwanamke mtu mzima, amevaa baibui mpya, mkoba mmoja tu mdogo. Nikamuuliza nani anamsubiri Dar.

"Hakuna," akasema. "Wanangu wanarudi kesho kutoka Hija. Mimi ndiye ninayekwenda kuwasubiri."

"Kwa nini usiwasubiri hapa Tabora, mama? Watakuja tu."

"Kuna mtu lazima atangulie," akasema, akapanda mizani bila kuambiwa.

Nikasoma uzito wake, nikaufunga ule wa ndege nzima, nikampelekea rubani asaini.